Bukavu: Esansi si dawa ya harufu ya kole kwenye ngazi za mbao

Wakaaji wa Bukavu wanazijua zile nyumba za zamani za upande wa Nyalukemba, Ndendere na Muhumba, zilizojengwa wakati mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville. Zina ghorofa moja juu, madirisha makubwa yanayotazama ziwa Kivu, na katikati ngazi ya mbao ngumu. Baadaye wenye nyumba wengi walizifunika ngazi hizo kwa moketi, zulia la kugandisha kwa kole, kwa sababu lilionekana la kisasa na lilizima kelele za viatu. Miaka imepita. Moketi imechakaa, imekunywa maji ya mvua yanayovuja kwenye bati, imekunywa mikojo ya watoto na ya paka, na sasa mwenye nyumba anaitoa ili mbao ionekane tena.

Hapo ndipo harufu inaanza. Moketi ikisha kutoka, kole ya zamani inabaki juu ya mbao na inanuka kuliko ilivyonuka ikiwa imefunikwa. Fundi anajua dawa moja tu ya haraka: kijana anatumwa kwa makadhafi pembeni ya barabara, analeta bidoni ndogo ya esansi, kitambaa kinaloweshwa, na kazi inaendelea. Kole inalegea ndani ya dakika chache. Mwenye nyumba anafurahi.

Kazi hiyo ifanyike katika nyumba tupu, milango yote wazi, ingekuwa habari ya fundi na mwenye nyumba peke yao. Lakini siku hizi nyumba tupu ni chache Bukavu. Familia zilizokimbia kutoka Kalehe, Minova, Masisi na kwingine zimepokelewa na ndugu, au zimepewa chumba cha chini zikae na kulinda nyumba wakati inatengenezwa. Mama anapika na watoto wanalala pale chini, hatua chache kutoka kwenye ngazi inayosuguliwa. Na kijana anayesugua kole kwa esansi, mara nyingi, ni mtoto wa familia hiyohiyo, aliyepata kazi ya siku.

Esansi haipaswi kuingia ndani ya nyumba ambamo watu wanalala, hata kidogo, hata kwa kazi ya nusu saa. Haya si mambo ya kuogopesha watu bure. Sababu yake inaonekana kwenye umbo la ngazi yenyewe.

Mvuke wa esansi hauendi juu kama moshi. Ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo unashuka. Ukimwaga esansi kwenye kidato cha juu, mvuke unateremka kidato kwa kidato kama maji yasiyoonekana, unafika chini, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kuingia chumba kingine. Fundi aliye juu anaweza kusikia harufu kidogo tu na kudhani imekwisha. Chini, mvuke umekusanyika karibu na sakafu, mahali mbabula inapowaka na mtoto anapotambaa. Esansi hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali sana, mbali chini ya sifuri. Katika joto la Bukavu haihitaji kuwashwa. Inahitaji cheche moja tu, kutoka kwenye kaa la moto, mshumaa, sigara, au swichi ya umeme unaporudi ghafla baada ya kukatika.

Kisha kuna jambo ambalo halisemwi sana: katika nyumba ya ghorofa, ngazi ndiyo njia pekee ya kutoka. Ikishika moto, waliolala juu hawana pa kupita. Jikoni moto ukiwaka, watu wanatoka mbio na kupiga kelele. Moto ukianzia kwenye ngazi iliyokunywa esansi, mlango wa kutokea ndio unaowaka kwanza. Bukavu haihitaji kufundishwa moto ni nini. Watu wa Kadutu wamehesabu nyumba za mbao zilizoungua, moja ikiwasha nyingine, na wanajua jinsi gari la wazimamoto linavyoshindwa kupita katika vichochoro.

Wengine hutumia petroli, ile ya taa, wakisema ni salama zaidi. Ni kweli kwamba petroli haishiki moto upesi kama esansi. Lakini mbao ikishainywa inageuka utambi, na harufu yake inakaa miezi. Mwenye nyumba anakuwa amelipa pesa kuondoa harufu moja na kuweka nyingine. Hiyo si hesabu.

Upande wa afya, maneno yasiwe mengi. Esansi ina benzini, sumu inayojulikana kuleta kansa ya damu kwa watu wanaoivuta kwa muda mrefu. Kwa muda mfupi inaleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Barakoa ya kitambaa iliyobaki toka wakati wa Covid haizuii mvuke. Inazuia vumbi kidogo, basi. Kijana anayeinama juu ya kidato siku nzima, kitambaa cha esansi mkononi bila glavu, anaivuta kwa pua na anaipokea kwa ngozi. Jioni analipwa franga zake na kuambiwa arudi kesho.

Sasa mafundi wana jibu lao, na linastahili kusikilizwa. Wanasema: kazi hii tumeifanya hivi toka zamani na hakuna aliyekufa. Wanasema maji yanaharibu mbao. Wanasema mwenye nyumba anataka ngazi imalizike kesho, na atakayesema siku tatu atapoteza kazi.

La kwanza si hoja. Kila nyumba iliyoungua ilikuwa imesimama salama siku moja kabla. La pili lina ukweli nusu. Maji mengi yanaharibu mbao, yanaivimbisha na kuipinda, hasa ubao wa mikaratusi. Lakini hakuna anayesema ngazi ioshwe kama gari. Kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, kikawekwa juu ya kole dakika kumi na tano au ishirini, hakiharibu kambala wala mbao nyingine ngumu, mradi fundi akikaushe kidato kabla ya kuhamia kingine. La tatu ndilo la kweli kabisa, na litarudiwa mbele.

Kwanza kazi yenyewe, maana mtu hawezi kukataza esansi bila kusema kitu gani kishike nafasi yake.

Kole si aina moja. Iliyo ngumu na ya kahawia, inayovunjika kama sukari guru, mara nyingi ni kole ya zamani ya kupikwa, na hiyo inaogopa maji ya moto. Ya manjano inayovutika na kujiviringisha kama mpira inapokunwa ina asili ya mpira. Maji ya moto na sabuni hayaiyeyushi lakini yanailegeza, ukucha wa chuma ukaingia chini yake. Nyeusi kama lami ni jambo lingine kabisa. Katika nyumba za zamani, kole nyeusi inaweza kuwa na amianti, nyuzinyuzi ambazo vumbi lake linaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Hiyo isisuguliwe kwa msasa, isikwanguliwe ikiwa kavu, na kwa nyumba yenye watoto ni bora ifunikwe kwa ubao mpya kuliko kuguswa.

Fundi mwenye busara anajaribu kwanza kwenye kidato kimoja, kile cha juu kabisa kilicho kando ya macho. Anaweka kitambaa cha maji ya moto, anangoja, anakwangua kwa chuma bapa kufuata mistari ya mbao, si kuikata. Kabla ya hapo anang'oa misumari midogo na vipini vyote vilivyoshikilia moketi, kwa sababu chuma kikigonga msumari kinachimba shimo kwenye mbao. Anaanzia juu na kushuka, ili asikanyage alichokwisha kusafisha. Pale mguu unapokanyaga panatoka upesi. Kazi kubwa iko kwenye ubao wa mbele unaosimama wima na kwenye pembe, ambako kole ilipakwa nene ili moketi isifunguke. Ndiko harufu inakojificha pia. Mafundi wengi wanasafisha sehemu inayoonekana na kuacha pembe, halafu wanashangaa kwamba nyumba bado inanuka.

Harufu yenyewe ina vyanzo viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoleta hasira. Kuna kole iliyobaki juu, ambayo inazeeka, inashika unyevu wa masika na kunuka. Na kuna kilichoingia ndani ya mbao: mikojo, moshi wa miaka, maji ya kufulia. Kukwangua kunamaliza cha kwanza tu. Kwa cha pili, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikapakwa kwa kitambaa na kukaushwa, inasaidia sana kwenye mikojo na moshi. Bikarbonati, ile ya kupikia mandazi, ikinyunyizwa usiku na kufagiwa asubuhi, inapunguza kidogo. Makala yaliyowekwa kwenye vikapu juu ya vidato hayafanyi kazi kubwa. Kwa bei ya makala ya sasa, ni bora yabaki jikoni.

Ubani na manukato havitoi kitu. Vinaongeza.

Baada ya hapo ngazi inahitaji kukauka, na kukauka Bukavu kuna majira yake. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, siku mbili madirisha yakiwa wazi zinatosha. Wakati wa mvua, mbao inaweza kubaki na unyevu wiki nzima, na fundi akipaka rangi juu ya unyevu huo anafungia harufu ndani, nayo itatoka tena jua likiwaka. Kuna jaribio rahisi: kipande cha plastiki kinagandishwa juu ya kidato jioni, kinafunuliwa asubuhi, na mtu ananusa hapohapo. Kidato kinachonuka kinajulikana, kisichonuka kinaachwa. Hakuna haja ya kurudia ngazi nzima kwa sababu ya vidato vitatu.

Kama harufu ya ndani ya mbao inakataa, msasa mkali unaweza kutumika kwenye sehemu iliyokwisha kusafishwa, kisha mwepesi, mradi mbao haina rangi ya zamani chini. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi la risasi linaharibu akili ya mtoto mdogo. Penye shaka, kitambaa chenye maji kinatangulia msasa. Mwisho, mafundi wa samani wanayo gomalaka, ile wanayoyeyusha ndani ya alkoli na kupaka viti ili ving'ae. Gomalaka inaziba harufu vizuri kuliko rangi ya maji, ambayo harufu hupenya. Lakini alkoli nayo inashika moto. Siku ya kupaka gomalaka, mbabula inatoka nje, mishumaa inazimwa, na familia haipiti hapo mpaka ikauke. Tofauti na esansi ni kwamba inapakwa kidogo kwa kitambaa, na inakauka kwa muda mfupi badala ya kuloweka mbao.

Kazi yote hii kwa ngazi ya vidato kumi na vinne inachukua siku mbili au tatu za kukwangua, kisha siku za kukauka. Esansi inachukua asubuhi moja. Basi yote yanarudi kwenye swali moja: siku zile za ziada ni za nani?

Leo wanaozilipa ni wale wasio na kitu. Mwenye nyumba anapatana na fundi kwa ngazi nzima, si kwa siku. Fundi akichelewa, anakula hasara yeye. Kwa hiyo anachagua esansi, na hatari anaikabidhi kijana aliyemkodi na familia iliyo chini. Hakuna mtu mbaya sana katika mlolongo huu. Tangu mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipoingia mjini na benki zikafungwa, hata mwenye nyumba anahesabu kila dola, na nyumba isiyopangishwa ni njaa kwake pia. Lakini kutokuwepo kwa mtu mbaya hakuzimi moto.

Kwa hiyo mapatano yenyewe yabadilishwe. Mwenye nyumba anayetengeneza nyumba yenye watu ndani alipe kazi ya ngazi kwa siku, na aseme toka mwanzo, mbele ya fundi, kwamba esansi haitaingia. Gharama inayoongezeka ni makala ya kuchemshia maji, sabuni, na mikono miwili kwa siku mbili. Mwenye nyumba anayedai garanti ya miezi kadhaa kwa mpangaji mpya hawezi kusema siku mbili za kazi zinamfilisi.

Wapo watakaosema familia iliyokaribishwa bure haina haki ya kuweka masharti. Hoja hii inasikika sana, na ni ya kukataa. Familia hiyo inalinda nyumba usiku, inafagia uwanja, inafukuza wezi wa bati na wa madirisha. Na hata isingefanya lolote, kulala bila kuvuta esansi si sharti la mpangaji. Mama anapomwuliza fundi, "Papa, hii harufu itaisha lini?" na kujibiwa, "Kesho tu, Mama, vumilieni," hajajibiwa. Anachohitaji kuambiwa ni kitu gani kinapakwa, saa ngapi, na kama apike ndani au nje. Maneno matatu, yasemwe asubuhi kabla ya kazi.

Ndiyo maana ushauri unaopenda kutolewa, kwamba wakimbizi "wawe waangalifu", hautoshi. Utawezaje kuwa mwangalifu na kitu usichoambiwa? Mama hawezi kuhamisha mbabula kama hajui kwamba kuna esansi juu, na akijua, hawezi kumfukuza fundi aliyeletwa na mwenye nyumba. Anayeweza ni mwenye nyumba, na akishindwa yeye, chef wa avenyu, ambaye tayari anaandika majina ya wageni wote wanaoingia katika avenyu yake. Anayejua nani amelala wapi anaweza pia kuuliza nyumba gani inatengenezwa na kwa kitu gani. Hahitaji barua ya meya kwa hilo. Akipita na kunusa esansi mlangoni, abishe.

Kwa familia ambazo tayari ziko katika hali hiyo leo, bila mwenye nyumba wala chef wa kuwasikiliza, kuna machache yanayoweza kufanyika. Harufu ya esansi ikisikika ndani, mbabula na mshumaa vitoke nje kwanza, kabla ya maswali. Swichi zisiguswe. Mlango wa chini ufunguliwe, si madirisha ya juu peke yake, kwa sababu mvuke uko chini. Watoto na mama wajawazito walale kwa jirani usiku huo. Vitambaa vilivyotumika visirundikwe chini ya ngazi, mahali wengi hupenda kuweka vitu. Vipelekwe uwanjani mbali na ukuta wa mbao. Na bidoni isilale ndani.

Limebaki zulia lenyewe. Mjini Bukavu moketi iliyotolewa haitupwi. Inabebwa na kutandikwa chini ya watoto, kwa sababu sakafu ya simenti ni baridi na matandiko hayatoshi. Mtu hawezi kumlaumu mzazi kwa hilo. Ila kuna moketi na moketi. Iliyo na sponji chini, ikiwa sponji bado inavutika na haina kole nyeusi, inaweza kupigwa fimbo nje, ikaoshwa, ikaanikwa juani siku mbili na kutumika. Ile ambayo sponji yake imegeuka unga unaobaki mkononi, au iliyong'olewa kwa esansi, isiingie katika nyumba ya mtu yeyote. Isichomwe uwanjani pia, moshi wake ni sumu. Ikunjwe na kufungwa ndani ya mfuko, upande wa kole ukiwa ndani, na mwenye nyumba alipie mkokoteni wa kuipeleka jalalani siku ileile ilipotolewa.